Mwenye Sepetu na Mwenye Swali: Maziara ya Waafrika mjini New York

Katika nchi za Magharibi, sehemu kubwa ya uchimbuzi wa mambo ya kale hufanywa na makampuni ya kibiashara, yanayolipwa na wajenzi ili kuondoa masalia kabla ya msingi kuwekwa. Inapofukuliwa mifupa ya binadamu, kampuni hutafuta chuo kikuu chenye wataalamu na maabara. Ushirika huo husifiwa kwa kuunganisha kasi na elimu. Mkasa wa New York waonyesha kuwa sifa hiyo haitoshi. Hapana budi kuuliza pia ni nani mwenye mamlaka ya kutunga maswali.

Mnamo mwaka wa 1991 serikali ya Marekani ilikuwa ikijitayarisha kujenga jumba la ofisi la ghorofa 34 katika Broadway, namba 290. Ramani ya Maerschalk ya mwaka wa 1755 ilionyesha maziara ya watu weusi mahali hapo, lakini uchunguzi wa awali ulikisia kwamba majengo ya baadaye yalikwisha kuyaharibu makaburi karibu yote. Kisio hilo lilikuwa la makosa. Chini ya kifusi kirefu makaburi yalisalimika, na kazi iliyodhaniwa kuwa ndogo ikageuka ufukuaji wa mamia ya marehemu, huku ratiba ya ujenzi ikisukuma nyuma.

Ifahamike, maana jambo hili husahauliwa, kwamba ushirika ulikuwapo tangu mwanzo. Kampuni ya Historic Conservation and Interpretation ilichimba, na wanaanthropolojia wenye makao katika Chuo cha Lehman wakaishughulikia mifupa. Wamarekani wenye asili ya Afrika waliopinga hawakudai kwamba wataalamu walikosekana. Walidai kwamba makaburi yalikuwa yakifukuliwa pasipo mpango kamili wa utafiti, na kwamba hamu kubwa ilikuwa kupima mafuvu ili kuamua rangi ya marehemu, swali ambalo wazawa wao hawakuliuliza.

Mwezi wa Julai 1992, baada ya kikao kilichoongozwa na mbunge Gus Savage, ufukuaji ulisimamishwa. Kampuni nyingine, John Milner Associates, ilishika nafasi ya ile ya kwanza, na mwaka wa 1993 mifupa ikaanza kupelekwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chini ya Michael Blakey. Biashara, basi, haikuondolewa. Kilichobadilika ni kwamba Blakey alitofautisha mteja anayelipa, yaani serikali, na mteja wa kimaadili, yaani jamii ya wazawa, akaona kuwa huyu wa pili ndiye mwenye haki ya kukubali au kukataa utafiti. Katika mikutano ya hadhara yakakomaa maswali manne: asili ya marehemu, hali ya maisha yao, mageuzi yao katika nchi ya ugeni, na upinzani wao dhidi ya utumwa.

Lugha nayo iliguswa. Jina la maziara lililowataja marehemu kwa rangi liliachwa, likachukuliwa la Waafrika. Na badala ya nomino ya Kiingereza ya mtumwa, watafiti walipendelea umbo linaloonyesha tendo alilotendwa mtu. Msomaji wa Kiswahili huenda akatabasamu, kwani mtumwa tayari amebeba kiambishi cha kutendwa, ijapokuwa mazoea yametufanya tusikisikie tena.

Maswali mapya yalizaa matunda. Miongoni mwa marehemu 419, watoto walikuwa wengi mno. Mahali misuli inaposhikamana na mifupa palionyesha mizigo iliyopita kiasi. Meno yaliyochongwa, yakilinganishwa na kemia ya meno yenyewe, yaliashiria watu waliozaliwa Afrika. Si kila tafsiri iliyokubaliwa: misumari iliyopangwa mfano wa moyo juu ya jeneza la kaburi namba 101 ilifasiriwa kuwa alama ya Sankofa ya Waakan, na wengine wamelitilia shaka jambo hilo kwa hoja zisizopuuzika.

Tarehe 4 Oktoba 2003 marehemu walizikwa upya mahali pale pale, katika majeneza yaliyochongwa Ghana. Mwenye kutaka kuuchunguza upya ubishi wowote juu ya mifupa hiyo sasa hana budi kutegemea vipimo, picha na ripoti, yaani yale ambayo mwenye swali wa wakati ule aliona yafaa kuandikwa.