Sikukuu ya Brigid: Machipuko ya Ayalandi Yaliyohifadhiwa na Mikono ya Wasukaji

Tangu mwaka 2023, Jamhuri ya Ayalandi huadhimisha Sikukuu ya Brigid kama siku ya mapumziko ya kitaifa, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa pale tarehe 1 inapoangukia Ijumaa, ambapo Ijumaa hiyo ndiyo huwa sikukuu. Uamuzi huo wa serikali, uliotangazwa Januari 2022, uliongeza sikukuu za umma kutoka 9 hadi 10, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo siku ya mapumziko ilipewa jina la mwanamke. Maadhimisho ya kwanza yalifanyika tarehe 6 Februari 2023, na mwaka uliofuata, uliohesabiwa kuwa wa 1500 tangu kifo cha Mtakatifu Brigid, yalifufuka mabishano ya zamani kuhusu iwapo anayesherehekewa ni mtawa Mkristo wa karne ya 5 na ya 6 au ni mungu wa kike wa Waselti aliyevikwa shela ya utawa. Swali hilo lina uzito wake, lakini limewafunika watu walioibeba sikukuu hiyo hadi leo, yaani wanawake, watoto na wakulima wa vijijini ambao kwa vizazi vingi walikaa jikoni usiku wa kuamkia Februari wakisuka misalaba ya majani.

Katika kalenda ya jadi ya Waayalandi, mwaka uligawanywa na sikukuu nne: Samhain mwanzoni mwa Novemba, Imbolc mwanzoni mwa Februari, Bealtaine mwanzoni mwa Mei na Lughnasa mwanzoni mwa Agosti. Imbolc ndiyo iliyofungua majira ya machipuko, kipindi ambacho baridi hulegea, mchana hurefuka na ardhi huanza kuota upya, ingawa wataalamu wa hali ya hewa huanza kuyahesabu majira hayo tarehe 1 Machi. Sababu ya kutangulia huko ni ya kifugaji, kwa kuwa ni wakati ambapo kondoo majike hushika maziwa, na hadithi ya kale iitwayo Tochmarc Emire, inayosimulia uchumba wa shujaa Cú Chulainn, inaitambulisha Imbolc kama wakati wa kukamua kondoo mwanzoni mwa machipuko. Kwa kaya iliyokuwa imeishi kwa akiba tangu Novemba, maziwa hayo yalikuwa dalili ya kwanza kwamba njaa ya majira ya baridi imevukwa.

Kuhusu Brigid mwenyewe, mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba aliasisi na kuongoza jumuiya ya watawa huko Kildare, kusini-magharibi ya Dublin, na kwamba alifariki karibu mwaka 525. Wasifu wake wa Kilatini ulioandikwa katika karne ya 7 na Cogitosus, mwandishi aliyeifahamu sana Kildare, umejaa matendo ya mwanamke wa shambani, mkarimu kwa maskini, ambaye mara moja alitundika joho lake lililolowa mvua juu ya mwali wa jua. Karne mbili hivi baadaye, faharasa ya maneno ya kale inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, mfalme na askofu wa Munster aliyefariki mwaka 908, ilimtaja Brigit mwingine, mungu wa kike aliyeheshimiwa na washairi, binti wa mungu aitwaye Dagda, mwenye dada wawili wenye jina hilohilo, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Mabishano ya leo yamejengwa juu ya maandishi hayo machache, na mwanahistoria Ronald Hutton, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu sikukuu za Uingereza, alitahadharisha kwamba ijapokuwa Imbolc ni sikukuu ya kabla ya Ukristo, hakuna ushahidi wa moja kwa moja unaoeleza ibada zake zilikuwaje.

Maelezo yaliyochochea mabishano hayo kuliko mengine yote yaliandikwa na Gerald wa Wales, padri na mwanazuoni wa ukoo wa wavamizi wa Kinormani, aliyefika Ayalandi mwaka 1185 katika msafara wa mwanamfalme John, na ambaye kitabu chake, Topographia Hibernica, kilikamilika karibu mwaka 1188. Gerald alisimulia kwamba Kildare palikuwa na moto wa Brigid ambao haukuwahi kuzimika, si kwa sababu haukuweza kuzimwa, bali kwa sababu watawa waliulisha kuni kwa uangalifu vizazi baada ya vizazi, na kwamba licha ya kuni zote zilizoteketea majivu yake hayakuongezeka. Wakati wa uhai wa Brigid watunzaji walikuwa 20, naye akiwa mmoja wao. Alipofariki walibaki 19, kila mmoja akikesha usiku wake, na usiku wa 20 mtawa wa mwisho aliweka kuni karibu na moto, akamkabidhi Brigid zamu yake na kwenda zake, na asubuhi moto ulikutwa ukiwaka na kuni zikiwa zimeliwa.

Moto huo ulizungushiwa ua wa mviringo wa fito na matawi ambao mwanamume hakuruhusiwa kuuvuka, na hata wanawake waliokuwa ndani hawakuruhusiwa kuupuliza moto kwa pumzi ya kinywa, bali kwa mivukuto au kwa kupepea. Gerald anaeleza kwamba mpiga upinde mmoja wa Richard de Clare, kiongozi wa Wanormani aliyejulikana kwa jina la Strongbow, aliruka ua huo na kuupuliza moto kwa kinywa chake, na papo hapo akaingiwa na wazimu, akawa anakimbia nyumba hadi nyumba akimpulizia usoni kila aliyekutana naye, hadi wenzake walipomkamata na kumpeleka majini kwa ombi lake mwenyewe, naye akanywa kwa kiu kali mno hata akapasuka na kufa. Mwingine aliyethubutu kupitisha mguu mmoja tu juu ya ua alivutwa nyuma na wenzake, lakini mguu huo ulinyauka na akaishi akiwa kiwete. Gerald alipenda maajabu na aliwadharau Waayalandi, kwa hiyo kisa hicho hakiwezi kuchukuliwa kama taarifa ya tukio. Hata hivyo kinathibitisha jambo moja kubwa, kwamba katika karne ya 12 palikuwa na mahali patakatifu palipomilikiwa na wanawake, ambapo hata askari wa jeshi lililoshinda vita alitarajiwa kusimama nje.

Waandishi wa baadaye wanaeleza kwamba mwaka 1220 Henry wa London, askofu mkuu wa Dublin, aliamuru moto huo uzimwe, kwamba uliwashwa tena, na kwamba ulizimika kabisa katika karne ya 16 wakati nyumba za watawa zilipofungwa kwa amri ya wafalme wa Uingereza. Wanaomwona Brigid kama mungu wa kike huichukua amri ya mwaka 1220 kuwa ushahidi kwamba Kanisa lenyewe liliunusa upagani katika moto ule, na wanaomtetea mtakatifu hujibu kwamba taa na mioto isiyozimwa haikuwa jambo geni katika Ukristo. Pande zote mbili zimeandika mengi kuhusu moto, na kidogo kuhusu kile kilichoendelea baada ya moto kuzimwa.

Kilichoendelea kilikuwa kazi ya mikono, na ushahidi wake mkubwa ulikusanywa mwaka 1942, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ikiwa vitani, Tume ya Ngano na Mila ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka 1935, ilipotuma hojaji kuhusu Sikukuu ya Brigid kwa waandikaji wake wa vijijini, ambao wengi walikuwa walimu wa shule. Majibu yao yamehifadhiwa katika chuo kikuu cha University College Dublin, nayo ndiyo msingi wa kitabu cha Seán Ó Duinn, mtawa wa Kibenedikti wa Glenstal, kilichotolewa mwaka 2005, kinachowaweka pamoja mungu wa kike na mtakatifu bila kumfukuza yeyote kati yao. Thamani ya majibu hayo ni kwamba yanaeleza kilichofanywa, nani alikifanya na kwa mpangilio gani, kabla ya kuuliza kilimaanisha nini.

Kwa mujibu wa majibu hayo, katika sehemu nyingi majani ya kusukia, ambayo ni nyasi ndefu za kinamasi zenye shina la mviringo lililo laini, yalipaswa kung'olewa kwa mkono na si kukatwa kwa mundu, kisha yalibaki nje hadi jioni ya tarehe 31 Januari. Katika baadhi ya wilaya msichana aliyesimama badala ya Brigid aliyabeba hadi mlangoni na kuomba aruhusiwe kuingia, watu wa ndani wakamkaribisha, na majani yakawekwa chini ya meza wakati familia ikila viazi vilivyopondwa pamoja na siagi. Baada ya chakula ndipo usukaji ulipoanza: jani moja lilishikwa wima, la pili likakunjwa kulizunguka katikati, kazi ikageuzwa robo ya mzunguko, likakunjwa jingine juu ya lililotangulia, na hivyo hadi mraba ulipojitokeza katikati na mikono minne kufungwa nchani kwa kamba. Kama ilivyo kwa ukili wa mkeka, uimara wote ulitegemea mkazo sawa wa vidole, na ndiyo maana watoto walifundishwa kwa kukaa kando ya bibi.

Msalaba wa mikono minne ndio unaojulikana zaidi leo, lakini ipo pia ya mikono mitatu, ambayo katika maeneo kadhaa iliwekwa zizini, na ya umbo la almasi, iliyosokotwa kwa majani au nyuzi juu ya vijiti vilivyopishana. Ilitundikwa juu ya mlango au kuchomekwa chini ya ezeko ili kuikinga nyumba na moto, na kwa kuwa baadhi ya familia hazikuiondoa ya zamani, dari za nyumba nyingine zilikuwa na misalaba ya miaka mingi, mipya ikiwa mibichi na mikuukuu ikiwa imekolea moshi. Pamoja nayo palikuwa na brat Bríde, kitambaa kilichoachwa nje usiku huo ili kipokee baraka ya Brigid akipita, kisha kikatumika kutuliza maumivu ya kichwa na kusaidia mifugo iliyopata shida kuzaa. Palikuwa na Brídeóg, mwanasesere wa majani makavu aliyetembezwa nyumba hadi nyumba. Na katika Galway palikuwa na crios Bríde, kamba ya majani iliyofungwa kuwa duara kubwa, ambayo watu walipita ndani yake wakiomba afya ya mwaka mzima.

Uhamaji wa vijijini na ezeko kupisha paa ngumu vilipunguza desturi hizo katika karne ya 20, ingawa shule ziliendelea kufundisha usukaji, na televisheni ya taifa, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 31 Desemba 1961, iliuchukua msalaba wa Brigid kuwa nembo yake kwa miongo mitatu. Mwaka 1993 watawa wa shirika la Mtakatifu Brigid waliuwasha tena moto katika uwanja wa soko wa Kildare, ukawa unatunzwa katika kituo chao cha Solas Bhríde, na leo, ndani na nje ya Ayalandi, wapo watu wasio na dhehebu wanaogawana zamu 20 za kuwasha mshumaa nyumbani, wanaotembelea chemchemi zenye jina la Brigid, na wanaosuka msalaba kama sala ya mtu binafsi mbele ya maumbile yanayoamka. Januari 2024 kipande cha mfupa unaoaminiwa kuwa wa mtakatifu huyo kilirudishwa Kildare kwa maandamano.

Hadhi ya kitaifa ni heshima iliyochelewa, lakini matamasha na maonyesho ya taa hayatatosha iwapo vinamasi vitaendelea kukaushwa na vidole vya watoto havitajua kung'oa, kukunja na kufunga. Mungu wa kike na mtakatifu wote wangekuwa majina ndani ya vitabu vya Kilatini na Kiayalandi kama wasukaji wasingewapa mahali juu ya mlango kila mwaka, kwa hiyo heshima ya kwanza ya sikukuu hiyo ni yao. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako mitindo ya mikeka na makawa na taratibu za Mwaka Kogwa wa Makunduchi bado zimo vichwani mwa wazee, mfano wa mwaka 1942 ni wa kufuatwa: vyuo, makumbusho na walimu watume maswali vijijini sasa, na majibu yaandikwe wakati wanaoyajua wangali hai.