Chumvi, Uhamaji na Kinga ya Shinikizo la Juu la Damu katika Familia za Jamii Ndogo za Ujiji: Mtazamo wa Kihistoria

Makala haya yanachunguza kihistoria kinga ya shinikizo la juu la damu katika familia za jamii ndogo za Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba kinga inayoanza kwa kulaumu mila za ulaji za jamii fulani hukosea chanzo cha tatizo, kwa kuwa chumvi na uhamaji ni historia ya mkoa mzima wa Kigoma.

Istilahi ya "jamii ndogo" inatumika hapa kwa maana ya uwiano tu, kwani Waha ndio wengi mkoani. Mababu wa Wamanyema walitoka mashariki mwa Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Baadhi walikuwa wapagazi, wengine watumwa. Wabembe nao walivuka ziwa kwa nyakati tofauti, na wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1972 na 1993. Hata hivyo, sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila. Uamuzi huo ulisaidia kujenga umoja wa kitaifa, lakini umefanya tofauti za kiafya baina ya jamii, kama zipo, zisionekane katika hesabu za taifa.

Kuhusu chumvi, utafiti wa kiakiolojia wa J.E.G. Sutton na A.D. Roberts ulionyesha kwamba maji ya chemchemi za Uvinza yalichemshwa ili kupata chumvi tangu takriban karne ya 5. Katika karne ya 19 watu wa sehemu mbalimbali walikusanyika huko wakati wa kiangazi, wakawalipa ushuru watawala wa Kivinza, kisha chumvi ikasambazwa mbali kwa biashara. Hivyo basi, chumvi ilikuwa mali na heshima kabla ya kuitwa hatari. Katika miaka ya 1990 serikali ilihimiza tena matumizi ya chumvi yenye madini joto ili kuzuia rovu. Mwananchi anayeambiwa leo apunguze chumvi ana haki ya kuuliza ni ujumbe upi aufuate. Jibu ni kwamba chumvi iendelee kuwa na madini joto, ila kiasi kipungue: Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Uhamaji nao una ushahidi wake. Mwaka 1929 daktari C.P. Donnison aliripoti kutoka magharibi mwa Kenya kwamba shinikizo la damu la wanaume aliowapima halikuendelea kupanda kwa kadiri ya umri. Mwaka 1990 Poulter na wenzake walionyesha kwamba Wajaluo waliohamia Nairobi walipanda shinikizo mapema baada ya kuhama, huku ulaji wao wa chumvi ukiongezeka. Kabila lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni maisha.

Kigoma haihitaji kuagiza mbinu mpya kutoka nje. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili nchini kupitia redio, vitabu na vikundi vya kujisomea. Kampeni hiyo ililenga malaria, kichocho na maradhi mengine ya kuambukiza. Shinikizo la damu halikuwamo. Muundo wake, hata hivyo, bado unafaa: kikundi kidogo, kiongozi anayeaminika, na hatua inayotekelezwa nyumbani. Huko Ujiji vikundi hivyo vinaweza kukutana misikitini, barazani na kwenye fukwe zinakoanikwa dagaa.

Kwa kuhitimisha, mafunzo peke yake hayatoshi. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Pasipo kipimo karibu na makazi na dawa zisizokatika, elimu itamwachia mgonjwa lawama badala ya kinga.