Kumbukumbu Si Sanduku la Kufuli

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nao walisema kweli. Lakini yupo mtu mwingine ambaye njia yake ni ndefu mno: yule asemaye lisilo kweli bila ya kusema uongo. Anaapa, analia, anaamini kila neno lake. Huyo ndiye anayeitaabisha mahakama kuliko mwongo.

Katika miaka ya 1970 polisi wa Marekani walidhani wamepata dawa yake. Shahidi alilazwa usingizi wa hipnosisi, yaani ule usingizi wa nusu macho unaoletwa kwa maneno ya utulivu, kisha akaulizwa aliyoyasahau. Mwezi wa Julai 1976, huko Chowchilla, California, watoto 26 na dereva wa basi lao la shule walitekwa na kufukiwa ardhini, wakajiokoa. Dereva alipolazwa alitaja namba ya gari la watekaji, akikosea tarakimu moja tu. Sifa za hipnosisi zikavuma.

Ila usingizi ule ule unazaa pia yasiyokuwapo. Daktari Martin Orne alionyesha kwamba aliyelazwa hutamani kumridhisha anayemuuliza. Panapo pengo katika kumbukumbu hulijaza kwa kubahatisha, na akiamka huyashika yote kwa uhakika mmoja. Ubaya mkubwa uko hapo. Shahidi mwenye shaka wakili anaweza kumhoji. Shahidi aliyepewa uhakika wa bandia hahojiki. Ndiyo maana Mahakama Kuu kabisa ya Minnesota mwaka 1980, na ile ya California mwaka 1982, zikaukataa ushahidi wa namna hiyo. Texas, iliyokuwa imewafunza polisi wake kazi hiyo kwa miaka mingi, iliupiga marufuku kwa sheria mwaka 2023.

Sisi tulikuwa na njia yetu, isiyohitaji kumlaza mtu. Mwaka ule ule wa 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na hakimu asiutegemee mpaka aondoe uwezekano wote wa makosa. Aulize: ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa umbali gani? Palikuwa na mwanga? Ulimjua kabla ya siku hiyo?

Kwa sisi wa Mugoma na Ngara nzima maswali hayo si ya vitabuni tu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kwa maelfu mengi walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikawa mji wa turubai. Baadaye mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikaa Arusha kuwasikiliza walioona mauaji. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, Septemba 1998, majaji walieleza kwamba mashahidi walikuwa na majeraha ya moyo, na kwamba katika mapokeo ya Kinyarwanda mtu husimulia habari bila ya kubainisha kama aliiona au aliambiwa. Walipoulizwa taratibu, wakatenganisha vizuri: hili niliona, lile nilisikia.

Nalifikiria sana jambo hilo, kwa kuwa lugha zetu za mpakani ni ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi, na masimulizi yetu huenda kwa mtindo huo huo. Hipnosisi inachanganya kilichoonwa na kilichodhaniwa. Swali la subira linavichambua. Aliyeuawa anastahili kutajiwa muuaji wake wa kweli, na asiyehusika anastahili kulala nyumbani kwake. Yote mawili hutegemea swali ambalo hata mtoto aweza kuliuliza: uliona, au uliambiwa? Na hutegemea pia mwulizaji awe tayari kupokea jibu la tatu, ambalo ni gumu kuliko yote: sikumbuki.