Msunguti: kutoka podoni hadi maabara

Historia ya dawa iitwayo uabaini huanzishwa mwaka 1888, pale mkemia Mfaransa Arnaud alipopata fuwele zake kutoka mti ambao Wasomali waliutumia kutia mishale sumu. Mwanzo huo umechelewa. Msunguti, mti wa jamii hiyohiyo, ulikuwa zamani kazi ya Wagiriama, Wakamba na Waata wa Tsavo. Vipande vya mti hutokoswa kwa saa nyingi, maji huchujwa, kisha hurudishwa motoni hadi yabaki kama lami nyeusi. Ikishapakwa, mshale huviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi, sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Weka kando vyombo vya kioo: huko ni kukamua na kukoleza dawa.

Atasema mtu kwamba kujua kuua si kujua dawa, na mwindaji hakuwa na habari ya seli wala sodiamu. Kweli. Ila itazame nyama. Mnyama aliyeangushwa kwa mshale huo huliwa. Hukatwa tu na kutupwa ile iliyozunguka jeraha. Yaani walishang'amua kuwa kinachoua kikiingia damuni, tumbo hukipokea kidogo mno. Madaktari wa Ulaya walipoitumia uabaini karne ya 20 kutibu moyo uliolegea, njia ya kutegemewa ilikuwa ileile ya mshale: kuchoma, sasa kwa sindano ya mshipani.

Hoja nzito zaidi ni ya maabara. Mwaka 1953 Schatzmann, Mswisi, alionyesha kuwa dawa za ukoo huu huzuia sodiamu na potasiamu kusafirishwa katika seli nyekundu za damu. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, Denmark, alikuta kimeng'enya katika neva za miguu ya kaa. Uabaini ilipokizima, ikadhihirika kwamba ndicho pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Nobeli ikamfikia mwaka 1997. Hayo chungu cha Mgiriama kisingeyasema, na hapo sina ubishi. Lakini Skou alihitaji kitu cha kuizima pampu hiyo hasa, na kati ya miti yote ya nyika, waliouchagua huu hawakuwa wanakemia. Hata jina kwenye kichupa cha maabara, uabaini, ni *waabaayo* la Kisomali lililotiwa mkia wa kikemia.