Jamaa aliyewawekea watu wa Chicago uhalifu wa mtaa wao kwenye ramani

Unahamia mtaa mpya. Usiku kukoje huko? Dalali hakwambii ng'o! Wanaojua ni polisi, maana kila tukio linaloripotiwa wanaliandika.

Kule Chicago, Marekani, mwaka 2005 polisi walikuwa tayari wameweka matukio yao kwenye tovuti, ila kuyapata ilikuwa kazi, unatafuta kidogo kidogo mpaka unachoka. Akatokea jamaa mmoja, mwandishi wa habari anayejua pia kuandika programu. Google Maps ndo kwanza ilikuwa imetoka Februari, na Google hawakuwa wametoa njia rasmi ya watu wa nje kuitumia. Jamaa akaichokonoa mwenyewe mpaka akaielewa. Mwezi Mei akaachia chicagocrime.org. Wizi hapa, ujambazi pale, unachagua mtaa, tarehe, aina ya kosa. Bure! Na hakuvujisha siri ya mtu, takwimu ni zilezile za polisi.

England na Wales nao wakazindua ramani yao Februari 2011. Watu wakajazana mpaka tovuti ikazidiwa. Wenye nyumba nao wakaanza kuhofia bei zitashuka, na hofu yao ilikuwa na maana. Alama haikai kwenye nyumba yenyewe, inawekwa jirani ili aliyeibiwa asijulikane, kwa hiyo mtaa wako unaweza kubeba msala wa kona ya pili.

Tovuti ya jamaa ilifungwa 2008. Siku hizi jiji la Chicago lenyewe linatoa takwimu kuanzia 2001. Zinazokosekana ni za siku 7 za mwisho.