Uchunguzi wa tezi mlinzi

Uchunguzi wa tezi mlinzi ni njia ya kubaini kama saratani ya matiti imeenea kwenye tezi za limfu za kwapani. Kwa kawaida hufanyika wakati wa upasuaji wa kuondoa uvimbe au titi zima.

Sehemu kubwa ya limfu ya titi huelekea kwapani, penye tezi zipatazo 20 hadi 40. Tezi mlinzi ni ile ya kwanza, au zile chache za kwanza, kupokea limfu hiyo. Ikiwa haina saratani, yaelekea tezi zilizo nyuma yake ni salama pia.

== Utaratibu ==

Daktari hudunga rangi ya buluu, dutu nururifu kidogo, au vyote viwili, karibu na uvimbe au chuchu. Tezi iliyopata rangi, au iliyotambuliwa na kifaa cha kupima mnururisho, hutolewa na kuchunguzwa kwa hadubini. Kipande kikigandishwa, jibu huweza kupatikana mgonjwa akiwa bado chumba cha upasuaji. Vinginevyo husubiriwa siku kadhaa.

== Faida ==

Zamani tezi nyingi za kwapani ziliondolewa hata pasipo saratani ndani yake. Baada ya upasuaji huo, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 huvimba mkono, na uvimbe huo huweza kudumu maisha yote. Baada ya uchunguzi wa tezi mlinzi pekee ni takriban 1 kati ya 20.

Armando Giuliano na wenzake nchini Marekani walieleza njia hii kwa saratani ya matiti mwaka 1994. Mwaka 2003 Umberto Veronesi na wenzake nchini Italia walichapisha jaribio lililothibitisha manufaa yake.

== Tanzania ==

Wagonjwa wengi nchini Tanzania hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeendelea. Tezi zikishathibitishwa kuwa na saratani, kwa kawaida huondolewa nyingi. Hivyo kuwahi hospitali huweza kuokoa pia mkono wa kulimia na kubebea mzigo.

Kwa wakazi wa Ngujini na sehemu nyingine za Milima ya Upare, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC mjini Moshi. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam.