Nyonga Iliyotoka Kiwanda cha Nguo

Mtu mwenye nyonga mbovu utamjua kabla hajafungua kinywa. Anainuka kwa awamu: kwanza mkono juu ya goti, kisha mwili mzima unaegemea upande mmoja, kisha anasimama kidogo kusubiri maumivu yapite ndipo apige hatua ya kwanza. Bibi yangu aliishi hivyo miaka yake ya mwisho. Mbuzi ya kukunia nazi, aliyoikalia tangu akiwa mwali, aliiacha. Mkeka akauacha. Mwisho akawa anaswali juu ya kiti, na hilo lilimuuma kuliko nyonga yenyewe. Sisi wajukuu tuliambiwa ni uzee. Ukubwani, nilipoanza kusoma habari za upasuaji wa mifupa, ndipo nilipojua kwamba bibi alipoanza kuchechemea, tiba ya ugonjwa wake ilikuwa imekwisha kupatikana zamani, na ilipatikana kwa njia ambayo sichoki kuisimulia.

Nyonga ni kama mchi na kinu. Mfupa wa paja umemalizikia juu kwa kichwa cha mviringo, nacho kinazunguka ndani ya tundu la mfupa wa kiuno. Kichwa na tundu vyote vimefunikwa gegedu jeupe, laini, lenye utelezi unaoshinda barafu juu ya barafu. Gegedu likilika, kwa umri, kwa baridi yabisi, kwa ajali au kwa damu kushindwa kufika kwenye mfupa, basi mfupa unasaga mfupa. Hakuna dawa ya kumeza inayoliotesha tena. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wamekuwa wakijiuliza swali la kifundi kabisa: tuweke nini badala yake?

Mjerumani Themistocles Gluck aliweka pembe ya ndovu. Mwaka 1890, mjini Berlin, alikuwa akichonga viungo vya pembe na kuvipandikiza kwa wagonjwa ambao magoti na nyonga zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Enzi hizo hizo pembe zilikuwa zikishuka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, zikavuka kwenda Unguja, zikaishia kuwa mipira ya biliadi na vibao vya piano Ulaya na Marekani. Viungo vya Gluck vilifanya kazi kwa muda mfupi, kisha kifua kikuu kilichokuwa bado ndani ya mifupa kikaviharibu. Mkubwa wake wa kazi, Ernst von Bergmann, alimzuia asiendelee kuyatangaza matokeo hayo mbele ya madaktari wenzao. Lakini pembe haikuwa wazo la kijinga. Huko Mandalay, Burma, kuanzia miaka ya 1960, Daktari San Baw aliwawekea wagonjwa zaidi ya 300 vichwa vya nyonga vilivyochongwa kwa pembe, na wengi wao walitembea.

Baada ya Gluck walikuja wengi. Mwaka 1923, mjini Boston, Marius Smith-Petersen alimtoa mgonjwa kipande cha kioo kilichokaa mwilini muda mrefu, akaona kimezungukwa na utando laini. Akatengeneza kikombe cha kioo cha kufunika kichwa cha paja. Vikombe vikapasuka. Daktari wake wa meno ndiye aliyemdokeza mchanganyiko wa metali uitwao vitaliamu, uliokuwa ukitumika kwenye meno bandia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunyooka kidogo. Mwaka 1938 Philip Wiles wa London akabadilisha pande zote mbili, kichwa na tundu, kwa chuma kisichoshika kutu. Vita vikaja, na kumbukumbu nyingi za wagonjwa wake zikapotea.

Halafu ndugu wawili wa Paris, akina Judet, wakaleta kichwa cha akriliki. Kilisifiwa sana mwishoni mwa miaka ya 1940. Tatizo likawa kwamba baadhi ya vichwa hivyo vililia. Mtu akiinama, nyonga inalia kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Mgonjwa mmoja Mwingereza alilalamika kwamba mkewe alikuwa ameanza kumkwepa kwa sababu hawezi kuvumilia ule mlio. Daktari aliyesikia malalamiko hayo hakuyachukulia kuwa kichekesho. Alijiuliza: mlio maana yake ni msuguano, na msuguano kama huu utaacha kukibandua kiungo?

Daktari huyo ni John Charnley, mzaliwa wa Bury, Lancashire, mwaka 1911. Alisomea udaktari Manchester, akaondolewa Dunkirk pamoja na majeshi ya Uingereza mwaka 1940, kisha akapelekwa Misri. Hakuwa mtu wa kukaa na swali bila kulijibu. Mwaka 1946, akitaka kujua jambo fulani kuhusu jinsi mfupa uliopandikizwa unavyoota, alimshawishi mwenzake ampasue yeye mwenyewe muundi na kumpandikizia kipande cha mfupa. Kidonda kikaingia usaha, akalazwa. Mimi simsifu kwa hilo, lakini linaonyesha ni mtu wa namna gani.

Kazi yake kubwa aliifanyia Wrightington, hospitali ya shamba karibu na Wigan iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, vitanda vikaanza kubaki wazi, naye akapata nafasi. Akawa na karakana yake humo humo, na fundi wake, Harry Craven.

Hoja ya Charnley ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kutekeleza. Kwanza, kiungo bandia hakina ute wa kukilainisha kama kile cha asili, kwa hiyo lazima nyenzo zenyewe ziteleze. Pili, kichwa kiwe kidogo. Ukishika spana fupi unapata tabu kugeuza nati. Ukishika ndefu nati inalegea upesi. Kichwa kikubwa cha nyonga ni spana ndefu: kila hatua kinavuta tundu kulizungusha hadi lilegee. Akakipunguza kichwa mpaka kufikia kipenyo cha milimita 22 na kidogo, huku madaktari wengine wakitumia vichwa karibu mara mbili yake. Kufunga viungo mfupani alitumia saruji ya akriliki, ile ya meno bandia, kwa ushauri wa Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester. Saruji hiyo haigandishi kama gundi. Inajaza nafasi, kama mwashi anavyosindilia zege kuzunguka nguzo, na uzito unaenea mfupa mzima.

Tundu alilitengeneza kwa tefloni, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Hakuna kilichoteleza zaidi. Wagonjwa waliokuwa hawainuki walitembea. Mei 1961 Charnley aliandika katika jarida la Lancet akitangaza upasuaji mpya.

Alitangaza mapema mno. Tefloni iliteleza vizuri, lakini ililika. Kichwa cha chuma kilizama ndani yake mwaka hadi mwaka, na unga wa plastiki uliosagika ukawasha nyama na kula mfupa. Alikuwa amewapasua wagonjwa karibu 300. Wale waliorudi wakichechemea aliwapasua tena kwa mikono yake mwenyewe na kutoa alichokiweka. Hakuwapeleka kwa mwingine, wala hakusema ni miili yao iliyokataa. Mimi nikifika hapa katika habari hii husimama kidogo. Wapo mabingwa wengi wanaosimulia waliofaulu kwao. Ni wachache wanaowaita warudi wale ambao mambo yaliwaendea kombo, wakawaangalia usoni.

Mei 1962 mchuuzi mmoja wa vifaa vya viwandani alifika Wrightington akiwa na sampuli za plastiki kutoka Ujerumani. Lancashire ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba, na plastiki hiyo ilikuwa ikitengenezewa gia za mashine za kufuma nguo, kwa sababu ilistahimili kusagana mchana na usiku. Ni aina ya poliethilini, ndugu wa mbali wa mfuko wa rambo, ila molekuli zake ni ndefu sana na kwa hiyo ni ngumu kuisaga. Craven alimpelekea bosi wake kipande. Charnley alikichoma kwa ukucha wa dole gumba, akakiona laini, akasema ni kupoteza muda, akaondoka zake.

Craven hakukitupa. Charnley alikuwa na safari ya kwenda Copenhagen, na mashine ya kupimia ulikaji ilikuwa karakanani. Fundi akakifunga kile kipande kwenye mashine, akaiwasha, akaiacha iende. Chuma kikasaga plastiki, mbele na nyuma, usiku na mchana. Charnley aliporudi aliikuta mashine inafanya kazi ambayo hakuiagiza. Baada ya wiki tatu, plastiki ile ya gia ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho tefloni ingelika kwa saa 24.

Vitabu vingi vinaandika jina la Charnley peke yake. Ni haki yake, maana wazo lilikuwa lake. Lakini kama fundi wa karakana angetii neno la daktari bingwa siku ile, wagonjwa wangapi wangesubiri miaka mingapi zaidi? Hospitali zetu zina akina Craven wengi: mafundi, wauguzi, wanafunzi wa udaktari waliokesha zamu, watu walioona jambo wakaambiwa wanyamaze. Craven alipata mashine, na alipata bosi aliyekubali kukosolewa na kipimo.

Novemba 1962 nyonga ya kwanza yenye tundu la poliethilini iliwekwa. Safari hii Charnley hakukimbilia jarida. Alijipandikizia vipande vya tefloni na vya poliethilini ndani ya paja lake, akasubiri miezi tisa: uvimbe wa tefloni ulikuwa umekua, wa poliethilini haukuonekana. Halafu akawasubiri wagonjwa. Kwa miaka kadhaa hakuruhusu vifaa vyake viuzwe kwa daktari yeyote tu. Kampuni ya Thackray ya Leeds ilimuuzia yule tu aliyekwenda Wrightington kujifunza kwa macho na mikono. Matokeo ya muda mrefu aliyachapisha mwaka 1972, takriban miaka kumi baada ya nyonga ya kwanza.

Katikati ya kusubiri huko alipambana na adui mwingine. Katika kila wagonjwa 100 wa mwanzo, kati ya 7 na 9 walipata usaha ndani ya kiungo, na usaha kwenye nyonga bandia ulikuwa msiba: kifaa kilitolewa, mguu ukabaki mfupi. Charnley alishuku hewa ya chumba cha upasuaji. Akishirikiana na mhandisi Hugh Howorth alijenga kibanda ndani ya chumba, hewa iliyochujwa ikishuka juu ya mgonjwa bila kukoma, na madaktari wakavaa mavazi yenye bomba la kunyonya pumzi yao. Wenzake walimwona amezidi. Maambukizi yakashuka chini ya mgonjwa mmoja katika 100. Mwaka 1982 jopo lililoongozwa na Owen Lidwell lilitoa matokeo ya viungo zaidi ya 8,000: hewa safi peke yake ilipunguza maambukizi karibu kwa nusu. Charnley alifariki Agosti mwaka huo huo.

Somo la kusubiri halikushika kila mahali. Walioshika walikuwapo: Sweden ilianza kuandikisha kila nyonga bandia mwaka 1979, ili kifaa kibovu kijulikane mapema. Uingereza ilianza mwaka 2003, na Malawi, jambo ambalo watu wachache wanalijua, ilikuwa na daftari lake tangu mwaka 2005. Hata hivyo nyonga za metali juu ya metali zilisambazwa duniani kwa kasi kuliko ushahidi. Nyonga ya aina ya ASR iliondolewa sokoni Agosti 2010 wakati takriban watu 93,000 wamekwisha kuwekewa, chembe za kobalti na kromiamu zikiwa zimeingia katika nyama na damu za baadhi yao.

Kwetu Afrika Mashariki upasuaji huu unafanyika, ikiwamo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na wanaouhitaji si wazee tu. Seli mundu, ugonjwa ambao Tanzania inaujua kwa uchungu, huzuia damu kufika kwenye kichwa cha paja. Kichwa kinakufa na kubomoka, na anayechechemea ni kijana wa miaka 20 mwenye miaka mingi ya kutembea mbele yake. Swali la Charnley, kifaa kitadumu miaka mingapi, kwake yeye ni kubwa kuliko kwa bibi yangu. Lipo pia swali ambalo Wrightington hawakulazimika kulijibu. Mgonjwa aliyebadilishwa nyonga huonywa asikae chini sana, maana kichwa kinaweza kuchomoka. Mkeka, choo cha shimo, kibao cha mbuzi: hayo yote ni chini sana.

Charnley aliwaomba wagonjwa wake jambo moja la mwisho. Wakifariki, nyonga zirudi Wrightington. Wengi walikubali, wakaweka saini, wakaenda zao wakatembea, wakalima bustani, wakapanda ngazi za basi. Na miaka ilipopita, nyonga zikaanza kurudi moja moja. Kikombe cha plastiki kilitolewa, kikasafishwa, kikawekwa chini ya kipimo, na mtu akaandika namba: ulikaji wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila mwaka aliotembea mwenye nyonga hiyo.